Mirathi ya Kiwanda

Desturi ya kwetu ni kwamba kabla maiti hajapelekwa kaburini, mzee mmoja wa ukoo husimama mbele ya waombolezaji akatangaza: "Anayemdai marehemu ajitokeze, na aliyekuwa akidaiwa naye aseme." Mali haigawiwi kabla ya tangazo hilo. Nyumba, shamba, cherehani, hata kanzu za marehemu, vyote hungoja. Deni kwanza, urithi baadaye. Anayeruka hatua ya kwanza akakimbilia ya pili hatumwiti mrithi. Twamwita mnyang'anyi, hata akiwa mtoto wa kumzaa.

Swali ninalotaka tulitafakari, msomaji wangu, ni hili: je, desturi hiyo inahusu binadamu peke yao, au inahusu majengo pia? Jengo la kazi likifa, yaani mitambo ikinyamaza na wafanyakazi wakatawanyika, kisha wakaja watu wengine wakalitengeneza na kulitumia kwa shughuli nyingine, je, watu hao nao ni warithi? Na kama ni warithi, madeni ya marehemu anayabeba nani?

Si swali la kujifurahisha. Katika miji mingi ya dunia viwanda vya kale vilivyojengwa kando ya mito vimegeuzwa kuwa makumbusho, maduka, ofisi na nyumba za kupanga. Huko London kituo cha umeme cha Bankside, kilichozimwa mwaka 1981 kando ya mto Thames, kilifunguliwa tena mwaka 2000 kikiwa jumba la sanaa. Lakini sitaki kutangatanga. Nitachukua mji mmoja tu, kwa sababu mji huo una jambo letu ndani yake. Nao ni Lowell, katika jimbo la Massachusetts, Marekani.

Mto Merrimack, ukifika mahali paitwapo Pawtucket, huporomoka kiasi cha mita 10. Wafanyabiashara wa Boston waliyaona maporomoko hayo, na kuanzia miaka ya 1820 wakachimbisha mifereji, wakayagawa maji, na kandokando ya maji hayo wakasimamisha viwanda vya kufuma nguo za pamba. Wachimbaji wengi walikuwa Waairishi, na vifaa vyao vilikuwa sururu, sepetu na baruti. Mji ulipewa jina la Francis Cabot Lowell, mfanyabiashara aliyefariki mwaka 1817, kabla tofali la kwanza la viwanda hivyo halijawekwa. Kufikia mwaka 1850 viwanda vya Lowell viliajiri watu wapatao 10,000.

Katika miongo ya mwanzo wengi wao walikuwa wasichana waliotoka mashambani kwa wazazi wao. Walilala katika nyumba za kampuni, wakaamshwa kwa kengele, wakafanya kazi saa zipatazo 73 kwa wiki. Madirisha yalifungwa hata wakati wa joto ili hewa ibaki na unyevu, kwa kuwa uzi mkavu hukatika. Kwa hiyo vumbi la pamba lilikuwa pumzi yao. Mwaka 1834, kampuni zilipotangaza kupunguza ujira, wasichana wapatao 800 waliacha mitambo wakatoka nje. Mwaka 1836 wakagoma tena, na safari hiyo wakawa wengi zaidi. Katika miaka ya 1840 mfanyakazi mmoja aitwaye Sarah Bagley aliwaongoza wenzake kukusanya sahihi za kudai siku ya kazi isizidi saa 10. Sheria ya jimbo iliyowapa wanawake haki hiyo ilipitishwa mwaka 1874. Hesabu mwenyewe miaka.

Na pamba yenyewe ilitoka wapi? Ilitoka kusini mwa Marekani, ilikolimwa na kuchumwa na watumwa. Sehemu ya kitambaa kilichofumwa kilirudishwa hukohuko. Kilikuwa kitambaa kikavu cha bei ndogo, ambacho mabwana waliwanunulia watumwa wao wavae. Watumwa wakakiita kwa jina la mji, wakasema wamevaa "lowell". Aliyeichuma pamba akarudishiwa pamba ileile mgongoni, nayo imeshamtajirisha mtu mwingine njiani.

Sasa nifike kwetu. Mwaka 1833 Marekani ilitia sahihi mkataba wa biashara na Sayyid Said bin Sultan, na mwaka 1837 konseli wa kwanza wa Marekani akaanza kazi Unguja. Meli za wafanyabiashara wa Salem, bandari ya Massachusetts hiyohiyo, zilileta robota za kitambaa cheupe cha pamba ambacho hakikupaushwa, kizito na kinachodumu. Kilifumwa katika viwanda vya Lowell, na baadaye Salem kwenyewe katika kiwanda cha Naumkeag. Watu wa pwani wakakiita merikani, au amerikani. Kitambaa hicho kikawa fedha ya bara. Mikono minne ni shuka, mikono minane ni doti. Kwa doti na shuka wapagazi walilipwa posho, watemi walipewa hongo, pembe za ndovu zilinunuliwa, na watu pia walinunuliwa. Meli zilirudi na pembe, sandarusi na ngozi. Pembe nyingi zilikwenda jimbo la Connecticut, zikachongwa vibonyezo vya piano.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza huko Marekani mwaka 1861, pamba iliadimika, bei ikapanda, na nguo za Uingereza na India zikashika soko. Lakini jina halikuondoka. Bibi yangu, ambaye hakuwahi kusikia habari za Massachusetts, aliita merikani kitambaa cheupe alichochujia tui na kushonea foronya. Siku yake ilipofika, sanda yake ilikatwa katika kitambaa cha namna hiyohiyo. Ndiyo sababu nasema mji ule una jambo letu. Watumwa wa kusini waliita nguo kwa jina la mji. Sisi tukaiita kwa jina la nchi. Nguo ni moja.

Viwanda vya Lowell vilianza kudhoofika sana tangu miaka ya 1920. Kiwanda cha Boott, kilichoanzishwa mwaka 1835, kilizima mitambo yake katikati ya miaka ya 1950. Mji ukabaki na maghorofa marefu ya matofali yasiyo na kazi, na watu wasio na kazi wakiyatazama. Wengi walisema yabomolewe, kwani yaliwakumbusha umaskini. Mengine yalibomolewa kweli: nyumba za wafanyakazi wa kampuni ya Merrimack, zilizokuwa miongoni mwa za kwanza kabisa, zilivunjwa mwaka 1966. Ndipo walipotokea watu wenye fikra nyingine. Mwalimu mmoja wa mji huo, Patrick Mogan, alishikilia kwamba mji wenyewe ni shule, na kwamba watoto wa wafanyakazi wasifundishwe kuionea haya historia ya wazazi wao. Paul Tsongas, mzaliwa wa Lowell, aliipeleka hoja hiyo katika Bunge la Marekani, na mwaka 1978 mji ukapata Hifadhi ya Taifa ya Kihistoria. Makumbusho ya Boott yalifunguliwa mwaka 1992, na mitambo ya kufumia ya zamani ikawashwa tena ili wageni waisikie. Viwanda vingine, kama vile Massachusetts Mills, viligeuzwa kuwa nyumba za kupanga.

Nawasifu waliofanya hivyo. Kubomoa ni rahisi, na aghalabu huitwa maendeleo. Anayetengeneza jengo kuukuu huanza kwa kuwaheshimu mafundi asiowajua. Hupima ukuta ili ajue unene wake, hugonga boriti asikie kama imeoza, hutafuta chokaa inayopatana na tofali la zamani, maana saruji ngumu ya leo hulipasua. Huo ni unyenyekevu, na unyenyekevu ni mwanzo wa haki.

Lakini ni mwanzo tu. Katika kazi hiyohiyo huja wakati fundi anauliza: "Doa hili la mafuta sakafuni, nilikwangue au niliache?" Madoa hayo yalidondoka kutoka kwenye mitambo kwa miaka mingi, na pembeni mwake palisimama miguu ya mtu. Ukilikwangua, sakafu inapendeza. Ukiliacha, mpangaji atauliza ni nini, na itabidi ajibiwe. Fundi hudhani ameuliza swali la ufundi. Mimi naona ameuliza swali la maadili, na yule anayemjibu, akiwa na ramani mkononi na mkopo wa benki kichwani, ndiye anayeamua kama deni litatangazwa au litafukiwa.

Mpwa wangu amepanga katika mojawapo ya viwanda hivyo. Yeye ni mmoja wa wasemaji wa Kiswahili, wengi wao kutoka Kenya na Kongo, waliofanya makao Lowell, kama walivyofanya Wakambodia wengi kabla yao. Anahudumia wazee katika nyumba ya wazee, zaidi zamu za usiku. Nilipomtembelea nilistaajabia madirisha yake, marefu kuliko mtu, jua likiingia hadi ukuta wa pili. Nikamweleza kwamba hayakuwekwa kwa ajili ya uzuri. Yaliwekwa ili mwanga wa jua umfanyie kazi tajiri bila malipo, tangu asubuhi hadi uzi usionekane tena. Nikaendelea na habari za kengele, vumbi na watumwa wa kusini. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema:

"Mjomba, samahani. Mimi nikiingia humu nimetoka kuwageuza wazee vitandani usiku kucha. Nataka kulala. Hao wasichana, Mungu awarehemu. Lakini kodi nalipa kila mwezi. Deni lao nalo nilipe mimi?"

"Sikusema ulipe wewe," nikamwambia.

"Sasa umesema nani?"

Swali lake lilikuwa zito kuliko langu, na nimelibeba tangu siku ile. Ni kweli kwamba mara nyingi tunaposema "jamii inadaiwa", mzigo humwangukia aliye chini kabisa. Mtu aliyechoka hawezi kuombwa aomboleze kila anapofungua mlango wa nyumba yake. Aidha, nilipomtazama vizuri, niliona kwamba yeye si mrithi wa kiwanda hata kidogo. Ametoka mbali kutafuta ujira. Anaamka kwa saa isiyo yake. Nusu ya mshahara huituma kwa mama yake. Wasichana wa mwaka 1834 wangemtambua mara moja, wangemsogezea kiti. Kama kuna upande wake katika mirathi hii, basi yuko upande wa wadai.

Wapo watakaonijibu kwa methali: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Watasema tofali halina dhambi. Watasema waliodai wamekufa na waliodaiwa wamekufa, na mji unahitaji nyumba na kodi, si matanga yasiyokwisha. Hoja hii si ya kupuuzwa. Mji uliokufa njaa haumlipi mtu yeyote, na Lowell ilikuwa karibu kufa. Hata hivyo methali hiyo ni ya mganga, na mganga hagangi bila kuuliza maradhi yalianzaje. Tena, wanaosema yaliyopita yamepita hawayaachi yote yapite. Thamani ya jengo wameichukua. Matofali mekundu, boriti nene, mnara wa saa na jina la kale huwekwa katika tangazo la kukodisha kama haiba, na kwa haiba hiyo kodi hupandishwa. Basi yaliyopita yanauzwa kila mwezi. Ukipenda boga, penda na ua lake. Huwezi kurithi uzuri wa ukuta ukakataa habari za waliousimamisha.

Wengine watasema kwamba makumbusho yapo, na deni limekwisha kutangazwa humo. Nayaheshimu makumbusho hayo, kwani habari za wasichana na za watumwa zimeelezwa humo bila kufichwa. Lakini mgeni anapoingia katika chumba cha mitambo hupewa vizibo vya masikio. Wasichana hawakuwa navyo. Mgeni hukaa dakika kumi, akatoka akitikisa kichwa, akanunua kitambaa cha ukumbusho. Hilo si kosa la mtu, ni mpaka wa makumbusho popote pale. Kinachotangazwa katika chumba kimoja huku vyumba mia vikikaa kimya ni sawa na mzee wa ukoo kutangaza madeni akiwa jikoni, waombolezaji wakiwa uani.

Nisionekane kana kwamba nawanyoshea Wamarekani kidole huku nimekaa pembeni na mikono safi. Daftari la kiwanda kile lina ukurasa wetu. Merikani haikupakuliwa Unguja kwa nguvu. Ilisubiriwa kwa hamu. Kuna aliyeipokea, aliyeipanga katika mizigo, aliyempa mpagazi aibebe hadi Unyanyembe na Ujiji, na aliyeitandika chini mbele ya mtemi akapewa pembe, au mtoto wa mtu. Waliokuwa watumwa wa pwani walivaa merikani na kaniki, na nguo hizo zikawa alama ya unyonge wao kiasi kwamba, baada ya kupata uhuru, wanawake wengi walizibadilisha kwa kanga zenye rangi na maua. Wenye majumba ya mawe yaliyojengwa kwa biashara hiyo walikuwa watu wetu, na majumba yao nayo yamegeuzwa hoteli. Anayeuliza nani anadaiwa na akate tiketi ya kurudi nyumbani pia.

Tena kwetu tumewahi kuona mfano wa namna nyingine. Soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huohuo ujenzi wa kanisa ulianza mahali pale pale. Kila mtu ana imani yake, na mimi sizungumzii imani hapa. Nasema tu kwamba waliojenga hawakuficha walikuwa wanajenga juu ya nini. Hata leo mtoto wa shule anayepita pale huambiwa palikuwa na nini kabla ya kuambiwa pana nini. Matumizi mapya yalitangaza ya zamani, na hayakupungukiwa kitu kwa kufanya hivyo.

Basi deni la kiwanda hulipwaje, ikiwa wadai wenyewe hawapo? Naona mambo matatu, na yote matatu yanamhusu mwenye jengo na serikali ya mji, si mpangaji wa zamu ya usiku.

La kwanza ni kutamka. Katika kila jengo lililogeuzwa, mlangoni na si katika makumbusho ya mtaa wa pili, paandikwe nani walifanya kazi humo, kwa saa ngapi, malighafi ilitoka wapi na bidhaa ilikwenda wapi. Paandikwe Mississippi, na paandikwe Unguja. Ubao mmoja wa mbao haumfilisi mtu.

La pili ni kuacha alama. Si kila doa likwanguliwe. Mtengenezaji mwema hulifanya jengo likalike bila kulifanya lisahau. Hilo linawezekana, kwani mafundi hodari wamelifanya mara nyingi.

La tatu ndilo gumu, nalo ni mlango. Jengo lililojengwa kwa jasho la watu wa kipato kidogo lisije likawa mahali ambapo watu wa namna hiyo hawawezi kuingia isipokuwa na fagio mkononi. Wadai wa kwanza wamekufa, lakini wenzao wanazaliwa kila siku na kushuka katika kila uwanja wa ndege. Kumtengea mtu kama huyo chumba anachoweza kukilipia, chenye dirisha refu, na kumwacha alale mchana bila kengele ya mtu yeyote, kwangu mimi hayo ni malipo ya kweli. Yule msichana aliyetaka saa 10 hakupewa wakati wake. Anaweza kupewa mwenzake.

Kwa sababu hiyo sikumjibu mpwa wangu siku ile zaidi ya kumwambia alale. Nilifunga pazia mwenyewe.

Kwetu nako vinu vya kuchambulia pamba na mitambo ya mkonge iliyonyamaza haikosekani, na siku moja atakuja mtu na pesa na ramani nzuri. Tumkaribishe, maana jengo linalotumika ni bora kuliko gofu la popo. Lakini kabla rangi haijapakwa, na atafutwe mzee mmoja anayekumbuka, asimame mbele ya watu, aulize: nani anamdai marehemu huyu? Wangojee kidogo, wasikilize. Kisha waendelee na kazi.